Kanuni ya Jibu: Malumbano ya Mtandaoni kama Utanzu wa Fasihi

1. Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameyachunguza malumbano ya kishairi kwa muda mrefu. Tunafahamu jinsi Muyaka bin Haji wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu walivyojibizana kwa tungo mwanzoni mwa karne ya 19, wakati ambapo uhasama wa miji yao ulifikia vita vya Shela. Tunafahamu pia kurasa za ushairi katika magazeti kama Mambo Leo na Baraza, ambamo washairi waliulizana, wakajibizana na hata kukejeliana. Mabishano ya wanamapokeo na wanamabadiliko, ambayo yalipamba moto baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974, yameandikiwa tasnifu nyingi. Lakini malumbano yanayoendeshwa leo kupitia intaneti, kuhusu serikali, vyombo vya habari, upelelezi na hata programu za tarakilishi, wengi wetu tumewaachia wanaisimujamii na wanasheria, kana kwamba hayana fani.

Makala hii inadai kwamba malumbano hayo ni utanzu wa fasihi, na kwamba utanzu huo una kanuni zake. Iliyo kuu kati ya hizo tutaiita kanuni ya jibu: kauli hujibiwa kwa kauli. Tutajaribu kuonyesha kwamba dola inapomjibu mlumbi kwa pingu, haimnyimi haki yake tu bali inauvunja utanzu wenyewe. Na kwamba kabla ya kuuvunja huwa imekwisha kuusoma vibaya. Ikiwa hoja hii ina mashiko, basi usomaji wa matini, ambao ndio kazi yetu ya kila siku, si anasa ya darasani. Mifano yetu mikuu tumeichota katika kaunti za Homa Bay na Migori, kusini mwa Nyanza.

2. Uwanja wa malumbano

Eneo hili lina sababu mbili za kumvutia mhakiki. Kwanza ni lugha. Migori ni njia panda ya Wajaluo, Wakuria, Wasuba, Waluhya na Wakisii, na mpaka wa Tanzania uko karibu, pale Isebania na Sirari. Mtu anayetaka kubishana na wote hao hana budi kutumia Kiswahili, hata kama atachanganya Kijaluo au Kiingereza. Kiswahili cha malumbano ya huku, kwa hiyo, ni lugha ya kuvuka mipaka kama kilivyokuwa katika bandari za pwani.

Pili, na hili ni muhimu zaidi, eneo hili lina utanzu wake wa kale wa kushindana kwa maneno hadharani. Huo ni pakruok. Katika ngoma ya nyatiti, mtu humsimamisha mwimbaji, akatoa fedha, kisha akajisifu au akamsifu rafiki yake kwa majina ya sifa na kwa mafumbo. Akimaliza, muziki huendelea hadi mwingine atakapousimamisha ili naye aseme lake, na mara nyingi hujitahidi kumpiku wa kwanza. Yapo mambo matatu hapa tunayopaswa kuyashika. Msemaji hutumia jina la sifa, si lazima jina lake la kawaida. Anachokisema hutiwa chumvi, na wasikilizaji wote wanajua kwamba kimetiwa chumvi. Tena, anayeudhika ana njia moja ya heshima ya kulipiza, nayo ni kulipia zamu yake na kusema vizuri zaidi.

Mtu aliyelelewa katika mazingira haya haingii katika malumbano ya mtandaoni akiwa mgeni. Lakabu, chuku, fumbo na zamu ya kusema vyote anavijua.

3. Lakabu na kivuli

Hata hivyo, lakabu ya ngomani na lakabu ya mtandaoni si kitu kimoja. Ngomani, jina la sifa halimfichi mtu, humtangaza. Mshairi wa gazetini aliyejiita kwa jina la kubuni naye alijulikana na mhariri, na mara nyingi hata na wapinzani wake. Mtandaoni lakabu hukusudiwa kuwa sitara. Mlumbi huunda nafsineni, kisha akaitaraji nafsineni hiyo imkinge.

Hapa tunaweza kusaidiwa na kisa cha Luanda Magere, shujaa anayesimuliwa kote katika nchi ya Wajaluo. Mwili wake ulikuwa jiwe, mikuki haikuupenya. Maadui walimwoza binti yao, naye akaigundua siri: nguvu ya shujaa ilikuwa katika kivuli chake. Walipokichoma kivuli, shujaa akaanguka.

Wasomaji wa kisa hiki wamekazia usaliti wa ndani, na ni kweli umo. Sisi tunapendekeza kisomwe pia kama kisa cha upelelezi. Mlumbi wa mtandaoni huulinda mwili wake, yaani jina, sura na mahali, akasahau kivuli: saa ya kutuma ujumbe, chombo kilichoutuma, nambari ya simu, rafiki wanayewasiliana mara kwa mara. Nchini Kenya kivuli hicho kina mwenyewe anayejulikana tangu mwanzo, kwa kuwa kanuni zinamtaka kila mnunuzi wa laini ya simu asajiliwe kwa kitambulisho. Wala kisa hakituruhusu kudhani kwamba mitambo ndiyo hatari pekee. Kivuli cha Magere hakikugunduliwa kwa chombo chochote, bali kwa mtu wa karibu aliyesema. Dola za kisasa zina mitambo, lakini bado huanza kwa kumwuliza jirani.

4. Matini tatu za Juni 2025

Tarehe 7 Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu mwenye umri wa miaka 31 aliyekuwa akifundisha shule ya sekondari katika Kaunti ya Taita Taveta, alikamatwa nyumbani kwa wazazi wake katika Kaunti ya Homa Bay. Alipelekwa kwanza katika kituo cha polisi cha Mawego, kisha akasafirishwa hadi Nairobi. Polisi walimhusisha na ujumbe wa mtandaoni uliomtuhumu Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi. Akaunti iliyotajwa ilitumia lakabu. Usiku huohuo wa kuamkia tarehe 8 alifariki akiwa mikononi mwa polisi, katika Kituo Kikuu cha Nairobi.

Tukio hili limezungumzwa sana kisheria na kisiasa. Tunaomba kulitazama kama mfuatano wa matini tatu.

Matini ya kwanza ni ujumbe wa mtandaoni. Chochote tutakachosema juu ya ukweli au uongo wake, kiutanzu ulikuwa kauli ya malumbano: ulitupwa hadharani, ukielekezwa kwa mwenye mamlaka, na ulikuwa na jibu lake la kawaida. Mtuhumiwa angeweza kukanusha, kutoa ushahidi, au kufungua kesi ya madai.

Matini ya pili ni taarifa ya polisi. Ilieleza kwamba marehemu alipata majeraha ya kichwa baada ya kujigonga kwenye ukuta wa seli. Ukiieleza taarifa hiyo kwa Kiswahili, utaona kwamba mzigo wake wote umebebwa na silabi moja. Alijigonga. Kiambishi -ji- cha kujirejea humfanya mtendaji na mtendwa kuwa mtu mmoja, kikawaondoa wengine wote katika sentensi: hakuna askari, hakuna amri, hakuna safari ya usiku. Mhakiki aliyezoea kuuliza ni nani anayesimulia na ni nani ameachwa nje ya usimulizi angepaswa kuishuku silabi hiyo mara moja.

Matini ya tatu ni ripoti ya uchunguzi wa maiti, iliyotolewa tarehe 10 Juni na jopo la madaktari wakiongozwa na mwanapatholojia wa serikali. Walikuta majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo, na majeraha mengine mwilini. Wakaeleza kwamba hayakuafikiana na dai la kujigonga. Kisarufi, ripoti iliibadilisha kauli ya kujirejea ikawa kauli ya kutendwa: aligongwa. Nayo kauli ya kutendwa, kama tunavyowafundisha wanafunzi, huacha nafasi ya mtenda wazi na kumlazimisha msikilizaji aulize, na nani? Siku iliyofuata Inspekta Jenerali wa Polisi aliomba radhi mbele ya Seneti kwa taarifa ya awali. Mwezi huohuo watu 6, wakiwemo maafisa wa polisi, walishtakiwa kwa mauaji, wakakanusha mashtaka.

Tarehe 3 Julai, mwili uliporudishwa Homa Bay kwa mazishi, waombolezaji wenye hasira walikichoma moto kituo cha Mawego. Hatusemi kwamba kitendo hicho kilikuwa halali. Tunasema kwamba kinaonyesha mwisho wa kanuni ya jibu. Kauli ilipojibiwa kwa nguvu, nguvu nayo ilijibiwa kwa nguvu, na malumbano yakawa yamekwisha.

5. Programu kama kiitikio

Siku chache kabla ya kifo cha Ojwang, jijini Nairobi, dola ilikuwa imeisoma vibaya matini ya aina nyingine, safari hii programu ya tarakilishi. Tarehe 30 Mei 2025, Rose Njeri, mtunzi wa programu, alikamatwa. Alikuwa ametengeneza tovuti iliyomwezesha mwananchi kutuma barua pepe bungeni kuupinga Mswada wa Fedha wa 2025. Alishtakiwa chini ya sheria ya mwaka 2018 ya uhalifu wa kompyuta kwamba aliingilia mfumo wa tarakilishi. Tarehe 20 Juni mahakama ilitupilia mbali shtaka hilo, ikisema halikuonyesha kosa.

Tuliangalie jambo hili kifani. Katika nyimbo zetu nyingi, za pwani na za ziwani, kiongozi huimba ubeti na kundi likaitikia. Kiitikio hurudiwa, na katika kurudiwa ndimo mna nguvu zake. Programu ya Njeri ilifanya kazi ya kiongozi wa wimbo: iliandaa maneno, ikawaachia wengi wayatamke kila mmoja kwa jina lake. Aliyelisikia kundi hilo akadai kwamba kurudiwa kwa kiitikio ni kuuvamia mtambo alikuwa amehesabu sauti bila kuusikiliza wimbo. Isitoshe, Katiba ya 2010 inalitaka Bunge liushirikishe umma katika kazi yake. Barua zile zilikuwa jibu kwa mwaliko uliokwisha kutolewa.

6. Pingamizi

Msomaji anaweza kutupinga kwa kusema kwamba tumeyapamba malumbano ya mtandaoni. Yamo matusi, umo uongo wa kukusudia, na wamo wanaolipwa kuchafua majina ya watu. Pingamizi hili ni zito. Pakruok na malumbano ya kishairi yalikuwa na walinzi: mwimbaji aliyeweza kukataa fedha za mtukanaji, mhariri aliyetupa utenzi wa matusi, hadhira iliyozomea. Mtandaoni walinzi hao ni dhaifu au hawapo, na aliyesingiziwa huumia kweli.

Lakini tiba ya ulinzi dhaifu si kuuua mchezo. Mahakama za Kenya zenyewe zimelitambua hilo kwa kiasi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikifuta kifungu cha 29 cha sheria ya habari na mawasiliano kwa sababu maneno yake yalikuwa mapana mno. Mwaka 2017 ikafuta kosa la jinai la kuharibu jina, ikiwaachia wenye malalamiko njia ya madai. Katika hukumu zote mbili tunaona kanuni ya jibu ikitetewa kwa lugha ya sheria. Aliyeudhiwa anaweza kudai fidia na kusahihisha, bila ya kumtuma askari.

Historia ya fasihi yetu inatukumbusha gharama ya njia ya pili. Abdilatif Abdalla aliandika kijitabu Kenya: Twendapi? mwaka 1968, kilichosambazwa kwa siri, kuhusu namna serikali ilivyokuwa ikikitendea chama cha upinzani cha KPU, ambacho ngome yake ilikuwa Nyanza. Kijitabu kiliuliza swali. Jibu likawa kifungo, hadi mwaka 1972. Mashairi aliyoyatunga kwa siri gerezani yakawa Sauti ya Dhiki (1973), na kitabu hicho kikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Wako wanaokitumia kisa hiki kuthibitisha kwamba gereza huzaa sanaa. Sisi tunaona kwamba swali la kijitabu lilibaki bila kujibiwa, na kwamba si kila aliyefungwa kwa kuuliza alitoka akiwa hai.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba malumbano ya mtandaoni yana lakabu, chuku, zamu na kiitikio, na kwamba sifa hizi zina asili katika tanzu ambazo tayari tunazifundisha. Tumeonyesha pia kwamba makosa ya dola katika mifano miwili ya 2025 yalianza kama makosa ya usomaji: kauli ya malumbano ilisomwa kama shambulio, na kiitikio kikasomwa kama uvamizi.

Yapo mambo mawili yanayowahusu wanataaluma wa idara za Kiswahili. Kwanza, matini hizi zikusanywe na kuhakikiwa kama tulivyokusanya tungo za Muyaka, kwa uangalifu wa kuyaficha majina ya wasio na ulinzi. Kwani mkusanyaji naye huenda akawa mpelelezi bila kukusudia. Pili, mahakama zinapobishania maana ya kejeli, fumbo au lakabu, mtaalamu wa fasihi aitwe atoe ushahidi kama anavyoitwa mwanapatholojia. Huyo wa pili alituonyesha tofauti ya alijigonga na aligongwa katika mwili wa mtu aliyekwisha kufa. Mhakiki ana wajibu wa kuzionyesha tofauti za namna hiyo mapema, wakati msemaji angali hai na zamu ya kujibu haijapita.