Unga Ulioiva Kabla ya Safari

Anayekwenda Lhasa huonywa mapema kuhusu hewa. Mji ule uko mita 3,650 hivi juu ya usawa wa bahari, na ngazi chache tu humkata mgeni pumzi. Sufuria haitajwi, ilhali nayo ina taabu zake. Huko juu maji huchemka yafikapo nyuzi 88 hivi, wala si 100, na kadiri mtu anavyopanda ndivyo kiwango hicho kinavyoshuka. Nafaka ya kuchemshwa huchelewa kuiva. Kuni nazo ni adimu. Kwenye malisho ya juu kabisa hakuoti mti, na wafugaji hukoka moto kwa samadi kavu ya yaki. Katika mazingira hayo Watibet walikuza ufundi ambao kwangu ni wa kuheshimiwa kuliko mapishi mengi ya kifahari: kutengeneza tsampa, unga unaoiva kabla ya kusagwa.

Shayiri ya nyanda hizo hustahimili baridi na hukubali kuota hata kwenye mwinuko wa mita 4,000. Punje huoshwa, zikaachwa zinywe maji kidogo. Pembeni, mchanga laini hupashwa moto kwenye kikaango mpaka uwe mkali, kisha punje humwagwa humo na kukorogwa upesi. Mchanga hauna kikomo cha joto kama maji. Huizunguka kila punje na kuichoma pande zote kwa pamoja. Punde shayiri hupasuka kama bisi, na harufu yake hujaa nyumba. Vyote humiminwa kwenye chekeche: mchanga hupita, shayiri hubaki. Ukiwahi kuipua, unga utakuwa na ladha ya ubichi. Ukichelewa, utakuwa mchungu. Mkaangaji hana kipimo ila sikio na pua yake. Kisha shayiri husagwa, na tangu zamani kazi hiyo imefanywa na vinu vya mawe vinavyozungushwa na maji ya vijito.

Mwenzi wa tsampa ni chai ya siagi. Majani yake, yaliyoshindiliwa mfano wa matofali, kwa karne nyingi yalipandishwa kutoka Sichuan na Yunnan kwa migongo ya nyumbu na ya watu, na China ilipokea farasi kwa malipo. Chai huchemshwa muda mrefu mpaka iwe nyeusi, ikachujwa ndani ya dongmo, chombo cha mbao kirefu na chembamba, pamoja na chumvi na siagi ya dri, yaani jike la yaki. Hapo mpigaji hushusha na kupandisha mchi wake hadi siagi na maji vishikane. Mkono mvivu hujulikana papo hapo, kwa kuwa mafuta huelea juu ya kikombe.

Mlaji mwenyewe ndiye humaliza kazi. Huacha chai kidogo bakulini, hutia unga, hukanda kwa vidole vya mkono mmoja huku mwingine ukizungusha bakuli, mpaka apate tonge. Moto hauhitajiki tena. Ndiyo maana mchungaji, mtawa na hujaji waliweza kutembea siku nyingi kwa kifuko cha unga tu. Na unga huohuo hurushwa hewani katika sherehe, ukiwamo mwaka mpya wa Losar, kwa kutakiana heri. Watu hawarushi mbinguni kitu wanachokidharau.

Wageni wengi hukimbilia momo, zile sambusa za mvuke, na thukpa, mchuzi wa tambi. Ni vyakula vizuri, lakini ukweli wa nchi ile umo katika shayiri. Basi, msomaji, ukijaliwa kufika, keti penye meko ya mwenyeji. Usitarajie sukari ndani ya chai. Pokea chumvi na mafuta yake kama yalivyo, maana mwili ulio baridini unavihitaji. Piga funda dogo dogo, kwani kila ukipunguza kikombe kitajazwa. Kisha omba tsampa, ukande kwa mkono wako mwenyewe, na umshukuru aliyeikaanga.