Povu Lisilokimbia: Kuchagua Sabuni ya Kunyolea Kisangani

Katika soko kuu la Kisangani sabuni hupangwa kama matofali. Kuna za njano iliyokoza, za kahawia, nyeupe zenye mistari ya buluu. Na pembeni, ndani ya bakuli la plastiki, kuna ile nyeusi, laini, inayochotwa kwa kijiko. Mtu anayetaka kunyoa ndevu vizuri hupita mbele ya zote hizo, akaingia duka la vipodozi kununua kopo la povu la kubonyeza. Kopo hilo limepanda mto zaidi ya kilomita 1,700 kutoka Kinshasa, au limeletwa na lori kutoka upande wa Bunia, na safari yote hiyo imo ndani ya bei. Namwonea huruma, kwa sababu alichokuwa akikitafuta amekiacha nyuma yake, kwenye bakuli.

Sabuni ya kunyolea si sabuni ya kuogea iliyotiwa manukato. Kazi yake ni nyingine. Lazima ishike maji usoni kwa muda wote wembe unapotembea, dakika tano hadi kumi, ndevu zilainike na ziendelee kuwa laini. Lazima pia iweke utelezi kati ya chuma na ngozi. Kwa sisi wenye ndevu za kujikunja, utelezi huo ndio hutuepusha na kupitisha wembe mara nne mahali pamoja, na kule kurudiarudia ndiko kunakoleta vipele shingoni.

Mambo mawili huamua: alkali iliyotumika na mafuta yaliyopikwa nayo. Soda kostiki hutoa kipande kigumu, kinachofaa kufulia na kuogea, lakini kigumu kuamsha kwa brashi. Potashi hutoa sabuni laini, inayoyeyuka upesi na kunywa maji mengi. Viwanda vinavyojua kazi hii huchanganya zote mbili, na mara nyingi potashi huwa nyingi zaidi. Upande wa mafuta, kinachosakwa ni asidi ya steariki, ile inayofanya povu liwe zito kama maziwa yaliyoganda. Mawese yana steariki kidogo, kama asilimia 5, ila yana karibu asilimia 44 ya ndugu yake, asidi ya palmitiki, ambayo hufanya kazi ya jirani. Mafuta ya mise, yatokayo kwenye kokwa ya ndani ya chikichi hiyohiyo, ni habari tofauti kabisa. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki. Hutoa povu kubwa, la haraka, la kufurahisha macho, kisha linakufa kabla hujamaliza shavu moja, na ngozi inabaki imekauka.

Hapo ndipo wengi hukosea. Muuzaji husugua kipande kwenye kiganja, povu linajaa hadi kwenye kifundo cha mkono, na mnunuzi anatoa pesa. Mimi sitazami povu linavyozaliwa. Natazama linavyozeeka.

Jimbo hili linaijua sabuni kwa namna inayouma. Mwaka 1911 William Lever, tajiri wa sabuni wa Uingereza, alipewa na Ubelgiji maeneo makubwa ya michikichi. Mojawapo lilikuwa Elisabetha, Lokutu ya leo, ukishuka mto kutoka hapa. Mwaka 1912 kipande cha kwanza cha sabuni iliyotokana na mawese ya Kongo kilikabidhiwa kwa Mfalme Albert ndani ya kasha la pembe za ndovu. Wakweaji wa michikichi, wengi wao wakilazimishwa, ndio waliobeba gharama ya biashara ile, na sioni haki kuandika juu ya sabuni ya hapa bila kuwataja. Baadaye, kwenye kituo cha utafiti cha Yangambi, watafiti Beirnaert na Vanderweyen walionyesha mwaka 1941 jinsi mchikichi wa tenera unavyopatikana kwa kuunganisha aina mbili za mchikichi, dura na pisifera. Tunda la tenera lina nyama nene na ganda jembamba, yaani mawese mengi zaidi katika kila chikichi. Leo mbegu ya namna hiyo hupandwa duniani kote, na mafuta yake yamo katika sabuni nyingi zinazorudi kwetu zimefungwa karatasi za kung'aa.

Sasa turudi kwenye bakuli. Sabuni ya majivu hupikwa kwa majivu ya vikonyo vya mikungu ya chikichi, maganda ya ndizi au ya kakao, vitu vyote vyenye potashi kwa wingi. Majivu hutiwa kwenye kikapu au chombo kilichotobolewa, maji hupitishwa taratibu, na yale maji ya kahawia yanayodondoka huchemshwa pamoja na mawese. Hakuna soda kostiki humo. Bibi zetu hawakuiita potashi, lakini walipika sabuni ya alkali ileile ambayo viwanda vya Ulaya huitumia kwa sabuni za kunyolea. Kasoro yake ni moja na ni kubwa: nguvu ya maji ya majivu haipimwi kwa mizani. Chungu kimoja hutoka kitamu kwa ngozi, kingine kinachoma.

Niliwahi kununua kipande cha njano kwa sababu tu kilikuwa kinang'aa na kunukia ndimu. Asubuhi iliyofuata shingo yangu iliwaka siku nzima. Tangu hapo naonja kwanza. Wapishi wenyewe hufanya hivyo: gusa sabuni kwa kidole kilicholowa, kisha gusisha kidole hicho kwenye ncha ya ulimi. Ladha ya sabuni ni ya kawaida, teme tu, kisha sukutua. Ukihisi mchomo kama umegusa betri, alkali haijaisha kula mafuta, na sabuni hiyo isifike usoni. Muuzaji mwaminifu hakasiriki.

"Mama, hii ya majivu ina muda gani?"

"Ilitoka motoni mwezi uliopita, Papa. Onja, usiniamini mdomo."

Jibu kama hilo lina uzito kuliko harufu yoyote. Sabuni iliyopikwa vizuri na kulazwa wiki nne hadi sita huwa imetulia. Kipande kigumu ukikate katikati: ndani pawe na rangi moja, pasiwe na vijishimo vyenye maji wala madoa ya rangi ya chungwa yenye harufu ya mafuta yaliyochacha. Rangi ya njano yenyewe isikutishe. Ni ya mawese mekundu, na hupauka kwenye mwanga. Lililo baya zaidi ni kujazia. Kuna wanaoongeza udongo mweupe wa kaolini ili kipande kiwe kizito. Yeyusha kijipande kwenye glasi ya maji ya moto, ukiache usiku kucha. Udongo utaukuta umekaa chini.

Kisha fanya jaribio lenyewe nyumbani. Chukua sabuni kiasi cha punje ya harage, iweke chini ya kikombe cha bati, lowesha brashi, zungusha dakika moja. Usiwe na haraka ya maji, ongeza matone. Paka povu nyuma ya mkono na ungoje dakika tano. Povu lenye macho, yaani lenye viputo unavyoweza kuvihesabu, limeshashindwa. Zuri hung'aa kidogo, limeshikana, na ukipitisha kidole linafunga njia nyuma yake. Mwisho suuza, kisha sugua ngozi kwa vidole viwili vikiwa bado vimelowa. Utelezi ukibaki hata povu likiwa limeondoka, hiyo ni sabuni ya kunyolea, hata kama imefungwa kwa jani.

Tumia maji ya mvua kwa jaribio hili, na Kisangani mvua hatuikosi. Mtu wa Zanzibar anayeteka kisima cha mawe ya matumbawe atakuambia jinsi chokaa inavyoua povu na kuacha utando mweupe. Ukijaribu kwa maji magumu, utailaumu sabuni kwa kosa la maji.

Vijiti vya kunyolea vya nje, kama Arko ya Uturuki, mara nyingine hufika. Usisome jina kubwa la mbele. Geuza, tafuta orodha ya viungo. Maneno yanayoanza na potassium, na neno stearic au stearate, yakiwa mwanzoni mwa orodha, ni ishara njema. Zikitangulia sodium na palm kernel peke yake, umeshika sabuni ya kuogea yenye umbo la kijiti. Kijiti cha kweli kina bei ya haki. Kunyoa mara moja hutumia nusu gramu hadi gramu moja, kwa hiyo gramu 75 zitamtosha mtu anayenyoa mara tatu kwa wiki kwa karibu miezi sita au zaidi. Hakuna kopo la kubonyeza litakalofika huko.

Hata hivyo, mimi huanza na bakuli. Naomba kijiko kimoja tu, nakitia kwenye kopo lenye kifuniko, kwa maana sabuni ya potashi hunywa unyevu wa hewa yetu na kulainika hadi kutiririka. Nanyoa nacho wiki moja, nikimalizia kwa shabu shingoni. Na kikinikubali, narudi kwa Mama yuleyule mapema, kabla chungu kile hakijaisha, na kumwomba anijazie kopo zima.