Herufi Kubwa na Wingi wa Majina katika Rails

Rails, kiunzi cha kutungia programu za tovuti kilichotolewa na David Heinemeier Hansson mwaka 2004, humtaka mtunzi atoe majina kwa kanuni. Jina la klasi, yaani kigezo cha vitu vya aina moja, huanza kwa herufi kubwa na huwa la umoja. Jina la jedwali la kuhifadhia vitu hivyo huandikwa kwa herufi ndogo, nalo huwa la wingi. Mtunzi akiandika Book, kiunzi chenyewe hutafuta jedwali la books.

Habari ya herufi kubwa haituudhi. Katika Ruby, lugha iliyo msingi wa Rails, herufi hiyo si pambo: jina lianzalo nayo ni la kitu kisichokusudiwa kubadilishwa. (Mtungaji wa Ruby, Yukihiro Matsumoto, ni Mjapani, na maandishi ya Kijapani hayana herufi kubwa wala ndogo.) Tena herufi kubwa hutenga maneno: MwanaFunzi hugeuzwa kuwa mwana_funzi, lakini Mwanafunzi hubaki neno moja. Basi ule mzozo wa kale wa kutenga na kuunganisha maneno sasa huamuliwa na mtu ambaye pengine hajapata kufungua kitabu cha sarufi.

Dosari iko katika wingi. Kanuni za Rails huutafuta mwishoni mwa neno, kama ilivyo desturi ya Kiingereza. Kitabu huwa kitabus. Njia hubaki njia, nasi twafurahi, mpaka tutambue kwamba imeokolewa na kanuni iliyowekewa maneno yenye asili ya Kilatini. Ukiuliza umoja wake, wapewa njium.

Wako watakaosema dawa ni rahisi: iandikwe kanuni kwamba ki- huwa vi-. Jibu hilo ni la haraka mno. Kilo haziwi vilo, wala kima, yule mnyama, hawi vima. Na m- ina taabu zaidi. Mlima na mlinzi huanza sawasawa, lakini twasema milima na walinzi. Kinachoyatenga ni maana, na mashine husoma herufi tu. Toleo la 4.0, la mwaka 2013, liliruhusu kila lugha iwekewe kanuni zake za wingi. Hata hivyo jina la jedwali hupatikana bado kwa zile za Kiingereza.

Kuuzima wingi kabisa kwaruhusiwa, ila naona ni kuikimbia kazi. Afadhali mtunzi aorodheshe jozi zake, kitabu na vitabu, mlinzi na walinzi, kama afanyavyo mtunga kamusi, tena kabla jedwali la kwanza halijaundwa; maana likishajaa kumbukumbu za watu, kulibadili jina ni kuigusa kila sehemu ya programu inayolitaja.