Mitandao hii si ya ugatuzi, ni ya shirikisho

Tangu Elon Musk anunue Twitter mnamo Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, watumiaji wengi wamekuwa wakitafuta pa kuhamia. Baadhi yao walikimbilia Mastodon, mtandao ulioasisiwa Ujerumani na Eugen Rochko mwaka 2016. Nami nina akaunti huko. Wanafunzi wangu huuita ‘mtandao wa ugatuzi’.

Istilahi hiyo inavutia. Sisi Wakenya tunaufahamu ugatuzi tangu Katiba ya 2010 ituletee kaunti 47. Hata hivyo, istilahi faafu ni ile inayomwelekeza mtu kwenye dhana, na hii inampotosha.

Katika ugatuzi, mamlaka na fedha hushuka kutoka juu. Nairobi hutoa mgao, kaunti hupokea. Gavana akivuruga mambo, kuna Seneti, kuna mahakama. Mastodon haina Nairobi yake. Ina maelfu ya seva, kila moja na mwenyewe, kanuni zake na wasimamizi wake. Kinachoziunganisha ni ActivityPub, yaani taratibu za pamoja za kupokezana ujumbe. Ni kama baruapepe: aliye na anwani ya kampuni hii humwandikia wa kampuni ile bila tatizo. Hapo hapana kilichogatuliwa. Ni seva huru zilizokubali kuzungumza, na seva moja ikiudhika huweza kukata uhusiano na nyingine. Hilo ni shirikisho.

Utaniuliza, mbona nishikilie jina tu? Kwa sababu jina huzaa matarajio. Mgeni anapojisajili huombwa achague seva. Akidhani hizo ni kaunti za serikali moja, atabofya yoyote iliyo karibu. Kumbe anachagua mwenye nyumba! Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mwaka 2023, mwenye seva ya mastodon.lol alichoshwa na mabishano ya watumiaji, akatangaza kuifunga. Wapangaji wakafungasha virago. Na anayehama huweza kwenda na wafuasi wake, ila maandishi yake ya awali hubaki alikotoka.

Kwa wapenzi wa Kiswahili, suala hili lina uzito zaidi. Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliandika, “Jumapili tutawachinja bila huruma.” Alikuwa akizungumzia kandanda. Msimamizi wa seva yake, asiyejua Kiswahili hata cha salamu, alifuta kauli hiyo na kuifunga akaunti. Kijana alitafuta makao makuu akate rufaa. Yako wapi? Rufaa ilirudi kwa msimamizi yuleyule, na juu yake hapana mwingine.

Ni kweli kwamba mitandao mikubwa nayo huisoma vibaya lugha yetu. Tofauti ni kwamba huko tunabaki kulalama, ilhali katika shirikisho mlango wa kujitegemea uko wazi. Programu ya Mastodon ni huria. Yeyote mwenye ujuzi anaweza kuisimika bila kulipia leseni. Serikali ya Uholanzi ilifungua seva yake mwaka 2023. Je, CHAKITA na idara za Kiswahili za vyuo vikuu vyetu zinangoja nini?

Sisemi ni kazi rahisi. Mkono mtupu haulambwi: mtambo unagharimu, na wasimamizi wanaokesha wakitatua ugomvi wa watu wanahitaji kulipwa. Aidha, anayezoea X huona Mastodon kimya, maana ukurasa wako hukuonyesha wale uliochagua kuwafuata, kwa mpangilio wa wakati. Usipofuata mtu, basi hupati gumzo. Kwa hiyo seva bila Waswahili itakuwa ukumbi mtupu.

Lakini anayejiona mkazi wa kaunti hungoja mgao. Mwanachama wa shirikisho huja na mchango wake mezani. Ndiyo maana napendekeza tuseme ‘mitandao ya shirikisho’, kisha tujenge seva ambayo msimamizi wake anajua kuwa kuchinja, siku ya mechi, ni kufunga mabao.