Mnong'ono wa Inanga na Sauti ya Mtangazaji: Uhakiki wa Siku Moja ya Vipindi vya Sanaa Redioni, Rusizi

Kamembe, kitovu cha mji wa Rusizi ambao zamani uliitwa Cyangugu, ni mahali panapofaa sana kuhakiki redio. Mto Ruzizi na ncha ya kusini ya Ziwa Kivu hutenganisha Rwanda na Bukavu, lakini mawimbi ya redio hayaombi kibali cha kuvuka. Anayezungusha kitufe polepole hukutana na Kinyarwanda, Kifaransa, Kimashi, na Kiswahili cha namna zaidi ya moja. Jumapili moja ya kiangazi nilisikiliza, tangu alfajiri hadi usiku, ratiba ambayo kituo kimoja kiliitangaza kuwa ya muziki wa klasiki na sanaa. Sitakitaja, kwa kuwa kasoro nitakazozijadili nimezisikia kwingineko pia, na kwa kuwa kutenga siku nzima kwa sanaa, bila mpira wala vipindi vya salamu, ni uthubutu unaostahili pongezi.

Suala la kwanza ni la istilahi. Katika ratiba hiyo, neno klasiki lilimaanisha okestra ya Ulaya: Bach asubuhi, Beethoven adhuhuri. Inanga iliwekwa chini ya kichwa "ngoma za asili", ingawa si ngoma hata kidogo. Ikiwa klasiki ni sanaa yenye mabingwa, mafunzo ya miaka mingi na hazina ya tungo zinazorithishwa, basi muziki wa ikulu ya mwami, ambao Hugh Tracey aliurekodi mwaka 1952, una haki kamili ya jina hilo. Vivyo hivyo taarabu ya Unguja, yenye chama kama Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, na yenye Siti binti Saad aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa. Kwa upande wa pili, okestra yenyewe si ya Ulaya tu: Orchestre Symphonique Kimbanguiste ya Kinshasa, iliyoasisiwa mwaka 1994, humpiga Beethoven bila kuomba radhi. Mwandaaji aliyagawa mambo kwa asili ya ala, akaacha kabisa kigezo cha ufundi.

Lakini istilahi hurekebishika kwa kalamu. Lililonisumbua zaidi ni saa ya inanga. Inanga ni sinia refu la mbao lenye uzi mmoja unaopitishwa huku na huko kwenye meno ya ncha zake mbili, ukazaa nyuzi ambazo kwa kawaida ni nane. Nchini Rwanda, Rujindiri ni miongoni mwa majina makubwa ya ala hii. Leo Sophie Nzayisenga, binti wa bingwa Kirusu, ameifikisha kwa wasikilizaji ambao hawakuwahi kuiona. Nchini Burundi, ambayo wilaya yetu inapakana nayo kwa kusini, kuna mtindo ambao mwimbaji haimbi, ananong'ona. Mnong'ono hauna mtetemo wa nyuzi za sauti, kwa hiyo hauna kidato. Hata hivyo msikilizaji husikia tuni ikitoka kinywani. Cornelia Fales, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2002, alieleza jinsi sikio linavyoyaunganisha maneno ya mnong'ono na noti za ala hadi yawe kitu kimoja. Kwa lugha ya toni kama Kirundi, jambo hilo linagusa hata namna matini inavyofahamika.

Mtangazaji alikuwa na nia njema. Mara mnong'ono ulipoanza, alianza naye kufasiri kwa Kiswahili, juu yake, kwa sauti kamili ya studio. Tukapata muhtasari wa habari za ng'ombe na mashujaa, tukakosa inanga. Mnong'ono ukizibwa hauwezi kupenya kama tarumbeta inavyopenya. Unatoweka wote, na tuni inatoweka nao. Beethoven, naona niseme, hakukatizwa hata mara moja.

Hapa ndipo sera inapohusika. Kiswahili kilipitishwa kuwa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, na tangu hapo washauri wengi wamehesabu saa za Kiswahili hewani kana kwamba hesabu ndiyo lengo. Siku ile saa zilikuwepo. Kiswahili kilitaja wakati, kilisoma majina ya wafadhili, na kilifunika inanga. Uchambuzi wa okestra ulifanywa kwa Kifaransa. Kigezo ambacho ningependekeza ni kazi ambayo lugha imepewa: dakika tatu za utangulizi wa Kiswahili, kisha ukimya wa mtangazaji hadi utungo uishe, kisha mazungumzo.

Kwamba jambo hili linawezekana, jioni ilithibitisha. Mwalimu wa kwaya kutoka ng'ambo alieleza, kwa Kiswahili cha Bukavu, jinsi waimbaji wake wanavyogawana sauti, akaigusa Missa Luba, iliyorekodiwa mwaka 1958, na ugumu wa kuimba Kilatini kwa mahadhi ya Kiluba. Kwangu hiyo ndiyo saa bora ya siku. Mtangazaji alimkatiza mara nne kumsahihishia ngeli. Baada ya mara ya nne mgeni akahamia Kifaransa, na hakurudi. Sina ugomvi na usanifu, ninaufundisha. Ila mtu anayetafuta neno la kuitia jina sauti inayosikika kwake ndiye anayetuundia istilahi tunazozililia katika makongamano haya, na marekebisho yangeweza kusubiri.

Ilipokaribia saa nne usiku, mtangazaji nadhani akiwa ameshakwenda nyumbani, kanda ile ya inanga ilirudiwa bila mtu kuisemea. Ilidumu dakika saba hivi. Nilipunguza mwanga wa taa na kusogeza kiti karibu na redio, kwa sababu mnong'ono ulikuwa mdogo kuliko mvumo wa mawimbi, na maneno yalisikika.