Askari na Dhamiri katika Tamthilia ya Kinjeketile

Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, imesomwa na kuigizwa katika shule nyingi za nchi yetu. Wahakiki wengi wameshughulikia maji, imani na umoja wa makabila. Sisi twapenda kumtazama mtu ambaye wahakiki humpita upesi: askari.

Askari wa tamthilia hii ni Mwafrika. Anawasimamia wakulima katika shamba la Mjerumani. Anatisha na kupiga. Historia yaunga mkono picha hiyo. Jeshi la Wajerumani lilikuwa na maofisa wachache Wazungu, na askari wengi Waafrika, wakiwamo Wasudani, na baadaye Wanyamwezi na Wasukuma. Hapa Singida boma la Mkalama lililindwa na askari wa namna hiyo hiyo, na Wanyaturu wangali wanasimulia habari za Liti, mwanamke aliyewapinga Wajerumani kwa nyuki.

Hata hivyo, tunaona upungufu. Mwandishi amempa Kinjeketile shaka, hofu na ushujaa. Mwishoni, akiwa mfungwa, anakataa kuyakana maneno yake ingawa kifo chamngoja. Askari hakupewa hata chembe ya shaka. Yeye ni kiboko tu, na kiboko hakina dhamiri. Hivyo mwanafunzi hufunga kitabu akiamini kwamba uovu wote uliondoka na mkoloni.

Haukuondoka. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, jirani zetu, watu waliokamatwa kwa tuhuma za mauaji waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola, na baadhi yao wakafa. Pingu zilikuwa zetu, na sare zilikuwa zetu. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu, ingawa si mkono wake uliopiga. Baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani.

Wahenga walisema: Mjumbe hauawi. Methali hii humlinda aliyebeba maneno ya mwenziwe. Haimlindi aliyebeba rungu. Walisema pia: Mtumikie kafiri upate mradi wako. Huenda askari wa Mkalama alijifariji kwayo. Askari wa taifa huru hana faraja hiyo, kwa sababu anayemtumikia ni mwananchi yule yule aliye mbele yake.

Wapo watakaosema kwamba jeshi bila utii ni genge. Ni kweli, na maasi ya Januari 1964 yalitufundisha hivyo. Lakini sheria haimtaki askari atii kila neno. Yamtaka atii amri halali. Neno hilo “halali” ndilo mlango wa dhamiri. Mwinyi aliwajibika kwa kosa ambalo hakulitenda kwa mkono wake. Basi aliyetenda kwa mkono wake ataponea wapi?

Twawashauri walimu wanaofundisha Kinjeketile wasiishie kuuliza kwa nini maji hayakuzuia risasi. Wamsimamishe darasani kijana mmoja avae nafasi ya askari, wenzake wamwulize: Ulipoinua kiboko, ulimwona nani mbele yako? Miongoni mwa vijana hao wamo polisi, magereza na wanajeshi wa kesho. Ni heri swali hilo walikute shuleni, kabla hawajalikuta kituoni usiku, mtuhumiwa akiwa sakafuni na mkubwa wao akisubiri.