Dhahabu Ubavuni mwa Gari la Zimamoto

Mzee anashika brashi pana ya manyoya ya kindi, anaipitisha shavuni mwake mara moja tu, polepole, kisha anaigusisha kwenye jani la dhahabu lililolala katikati ya kijitabu cha karatasi laini. Jani linanasa. Feni imezimwa, mlango umefungwa, na sote tuliomo ndani ya karakana hii ya Ohio tunazuia pumzi, kwa sababu pumzi ya mtu aliyesimama karibu yatosha kulikunja jani hilo likawa takataka. Kilichonasa dhahabu kwenye brashi ni mafuta kidogo ya ngozi ya shavu lake. Analipeleka ubavuni mwa gari jekundu, mahali alipokwisha kupaka gundi tangu jana, analilaza, anarudi kwenye kijitabu kuchukua jingine. Kwa mwendo huo huo herufi moja inakula sehemu kubwa ya asubuhi, na jina la mji ulioliagiza gari hilo karibu miaka mia iliyopita lina herufi nyingi.

Mzee huyu alikuwa askari wa zimamoto kabla ya kustaafu. Sasa ni mmoja wa watu wachache wanaotafuta magari ya zimamoto ya kale, kuyanunua yakiwa yameoza, na kuyarudishia uhai. Nimewatazama mafundi wa kila namna, wa majahazi, wa milango ya nakshi, wa saa. Sijaona wanaofanya kazi kwa adabu kama ya hawa.

Mtu anaweza kuuliza: dhahabu ya nini kwenye gari la kazi? Gari linalokwenda kupakwa masizi, kumwagiwa maji machafu na kuangukiwa na vipande vya mapaa, kwa nini lipambwe kama kiti cha enzi? Jibu limo katika historia ya mji wa Cincinnati. Zamani moto wa mji huo ulizimwa na vikundi vya watu wa kujitolea, na kila kikundi kilikuwa na pampu yake ya kusukuma kwa mikono, jina lake na rangi zake. Walipenda sifa mno, hata wakafika kupigana wao kwa wao huku nyumba ya watu inateketea. Mwaka 1853 mji ukachoka. Alexander Latta alikuwa ameunda pampu ya mvuke iliyofanya kazi kuliko mikono ya watu, ikaitwa Uncle Joe Ross, na tarehe 1 Aprili mwaka huo Cincinnati ikaanzisha kikosi cha askari wanaolipwa mshahara, chini ya Miles Greenwood, mwenye kiwanda cha kusubu chuma. Ugomvi ukaisha, lakini fahari haikuisha. Ilihamia kwenye chombo chenyewe. Mji ulikuwa umelinunua gari kwa kodi ya wananchi, ukataka kila anayeliona likipita ajue ni mali yake, na kwamba mali yake inatunzwa. Dhahabu ile ilikuwa ahadi ya serikali ya mji kwa mwananchi, imeandikwa mahali ambapo hata mtoto angeiona.

Katika mji huo huo ndimo lilimozaliwa gari ambalo wakusanyaji wa Marekani hulitaja kwa sauti ya heshima: Ahrens-Fox. Ahrens lilikuwa jina la familia ya watengenezaji wa pampu za mvuke. Fox alikuwa ofisa wa zimamoto aliyejua moto kwa kuukabili. Magari yao huwezi kuyachanganya na mengine yoyote. Wengine walificha pampu katikati ya gari au chini yake. Ahrens-Fox waliiweka mbele kabisa, kabla ya injini, wazi kwa kila jicho, na juu yake wakasimamisha tufe kubwa la chuma linalong'aa kama mwezi wa kumi na nne.

Tufe hilo limenishughulisha sana. Wengi hudhani ni pambo, na wengine hudhani ni tangi la maji. Ndani yake mna hewa. Pampu ile ilikuwa ya pistoni, na pistoni husukuma maji kwa mapigo: inasukuma, inavuta, inasukuma tena. Bila dawa, maji yangetoka kwa kushtukashtuka, na askari aliyeshika mpira angerushwa huku na huku juu ya ngazi. Maji yanaposukumwa, sehemu ya nguvu yake hupanda na kuibana ile hewa ndani ya tufe. Pistoni inaporudi nyuma, hewa iliyobanwa hutanuka na kuyasukuma maji kwa zamu yake. Pengo linazibwa. Mwisho wa mpira maji hutoka kwa mkondo mmoja ulionyooka, na mkono wa askari hautetemeki. Magari makubwa ya aina hiyo yaliweza kusukuma galoni 1,000 kwa dakika, takriban lita 3,800, na askari walioshika mipira wakasimama imara mbele ya nguvu hiyo kwa msaada wa hewa tupu iliyofungiwa ndani ya chuma.

Basi ni kama aliyelibuni gari hilo alianza kufikiria mkono wa mtu aliye mwisho wa mpira, akarudi nyuma hatua kwa hatua hadi akafika kwenye injini. Ndiyo sababu mzee wetu hulisugua tufe la gari lake kwa kitambaa kila jioni kabla ya kufunga karakana, hata siku ambazo halikuguswa.

Pampu za pistoni zilishindwa baadaye na pampu za kuzungusha maji, zilizo nyepesi, rahisi kutengeneza na za bei nafuu. Kampuni ikadhoofika, na miaka ya 1950 jina Ahrens-Fox likatoka sokoni. American LaFrance, jina kubwa katika utengenezaji wa magari ya zimamoto, lilifunga kiwanda chake cha Elmira, New York, mwaka 1985, na mwaka 2014 kampuni yenyewe ikafunga milango. Leo ukivunjikiwa na kifaa cha gari kama hilo hakuna duka la spea la kukimbilia. Lazima ukiunde.

Hapo ndipo ufundi unapoanza. Fundi hasugui rangi yote kwa pupa. Anachukua msasa mwembamba na kusugua mahali padogo kwa mviringo, taratibu, mpaka tabaka za rangi zinajitokeza moja ndani ya nyingine: nyekundu ya juu, nyeupe, nyekundu iliyokolea, kisha mstari mwembamba mweusi, kisha kivuli cha herufi. Magari haya yalihama. Mji mkubwa ulilitumia gari, ukachoka nalo, ukaliuza kwa mji mdogo. Mji mdogo ukaliuzia kijiji. Kijiji kikamwachia mkulima aliyelitumia kumwagilia shamba, hadi likaachwa ghalani na kuku wakatagia kwenye kiti cha dereva. Kila mwenye gari alipaka rangi yake juu ya jina la aliyemtangulia. Fundi anayesugua kwa subira huyasoma majina hayo kwa kurudi nyuma, hadi afike kwenye dhahabu ya kwanza. Aliyesugua kwa mashine amefuta historia yote kwa mchana mmoja, na hakuna atakayeirudisha.

Kisha chuma. Maji yakisahauliwa ndani ya pampu wakati wa baridi kali huganda, yanatanuka, na chuma cha kusubu kinapasuka. Magari mengi ya kale yanapatikana na ufa huo, ushahidi wa mtu aliyepuuza kufungua bomba la kumwagia maji jioni moja ya baridi. Ufa wa namna hiyo haupendi moto wa kuchomelea, kwa kuwa huweza kuongezeka. Mafundi wanaushona. Wanatoboa matundu kukatisha ufa, wanapachika vifungo vya chuma kwa kuvigongomea, wanajaza skrubu moja ikishika nyingine kutoka mwanzo wa ufa hadi mwisho, kisha wanasawazisha kwa tupa. Kifaa kilichopotea kabisa huchongwa kwanza kwa mbao, mbao hiyo inatumika kutengenezea kalibu, shaba inasubiwa, inapelekwa kwa mkerezaji. Magurudumu ya mbao yanarudi kwa fundi anayejua kukaza njiti za mti mgumu bila msumari. Kengele inasuguliwa kwa braso. Na kwenye ubao wa nyuma, walikosimama askari wakishika bomba huku gari linakimbia, fundi mwenye adabu hajazi mahali palipolika. Desturi ya kusimama nyuma ilikomeshwa na kanuni za usalama mwishoni mwa miaka ya 1980, na ilikuwa haki ikomeshwe, kwa maana wengi walianguka. Lakini yale mabonde mawili yaliyochimbwa na nyayo za mabuti ni saini ya watu ambao hakuna kitabu kilichoandika majina yao.

Baada ya yote hayo liko sharti moja. Gari lisukume maji. Mwaka 1958 wakusanyaji wa Marekani walianzisha chama chao cha kuhifadhi magari haya, kiitwacho SPAAMFAA, na mpaka leo wanachama hukutana kando ya mabwawa na mito, wakateremsha mpira wa kufyonza, wakawasha injini, wakasikiliza. Kwa sekunde kadhaa hakuna kitu. Kisha mpira unajaa, unakakamaa, na maji yanaruka juu ya miti. Gari linalong'aa lakini halitemi maji ni sanamu, na watu hawa hawahifadhi sanamu.

Tusingekuwa na hata haya machache kama si wakaidi wa mwanzo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia vyuma vya kale vilikusanywa nchi nzima viyeyushwe, na magari mengi ya zimamoto yakaenda na mkondo huo. Mwaka 1955 tajiri mmoja, George Getz, alimwambia mkewe kwamba anatamani gari la kale la zimamoto, na Krismasi ikamletea American LaFrance ya mwaka 1924. Kutokana na zawadi hiyo likaota jumba la makumbusho liitwalo Hall of Flame, ambalo tangu 1974 liko Phoenix, Arizona.

Waingereza nao wana yao. Wanayapenda magari ya Dennis yaliyotengenezwa Guildford, na wanayatunza yale ya kijani ya Bedford wanayoyaita Green Goddess, yaliyoundwa kati ya 1953 na 1956 kwa hofu ya bomu la nyuklia, ili yavute maji ya mito hadi kwenye miji inayowaka. Bomu halikuja. Magari yakakaa ghalani, yakiwashwa na kukaguliwa kwa ratiba, na wazima moto walipogoma mwaka 1977 na tena 2002, wanajeshi waliyatoa yakafanya kazi. Serikali ilipoyauza hatimaye, baadhi yalivuka bahari yakaja Afrika kuzima moto. Chombo kilichotunzwa kwa nusu karne bila kutumika sana kilikuwa bado kinafaa. Hilo ni funzo zito kuliko hotuba yoyote ya matengenezo.

Huzuni yangu ni kwamba mikono inayojua haya inazeeka. Vijana wanaokuja karakana ile ya Ohio wanahesabika, na duka la mtaa wa pili linabandika herufi za plastiki za rangi ya dhahabu kwa dakika kumi. Jua likizichoma misimu michache zinabanduka pembe, nazo hubandikwa nyingine. Tumezoea kubandika. Tumezoea kusema kitu kimeisha wakati bado hatujakifungua kukitazama ndani.

Na sisi huku kwetu tusijitoe. Katika yadi za manispaa zetu, nyuma ya ofisi, utaona gari la zimamoto la zamani limekaa juu ya mawe, matairi yamekwenda, nyasi zimepenya sakafuni, linasubiri mnada. Mnunuzi wa vyuma chakavu atalipima kwa kilo, shaba atatenga peke yake, na ndani ya wiki litakuwa si kitu. Hatujakosa mafundi. Nchi inayofufua daladala kila asubuhi kwa waya na busara haiwezi kushindwa na pampu. Tulichokosa ni mtu wa kusema gari hili lisiuzwe.

Basi nawaomba wakuu wa vikosi vya zimamoto, madiwani na walimu wa vyuo vya ufundi: kabla ya mnada, tafuteni kibati cha kiwandani mnakili namba yake. Mwiteni dereva aliyeliendesha, kama yu hai, aeleze ni moto gani lilikwenda kuuzima na nani walikuwa naye. Mkiweza, lipelekeni chuoni wanafunzi walifungue na kulifunga tena hadi liteme maji. Gari hilo liliitwa usiku na watu lisiowajua, likaenda. Kulikata kwa kilo bila hata kuandika jina lake ni utovu wa shukrani.